Je, Wajua Kwa Nini Pumzi Haikatiki Ukilala?

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa usiku mmoja hiyo ni zaidi ya mara 5,000, na asubuhi hakumbuki hata moja. Nani alikuwa akimhesabia?

Papasa kisogo, pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani ya hapo limekaa shina la ubongo, refu kama kidole cha kati. Juu kuna ubongo wa kati, chini yake ponsi, kisha medula inayoshuka hadi kuungana na uti wa mgongo. Kwenye medula kuna kikundi kidogo cha seli, kilichotambuliwa mwaka 1991, ambacho ndicho hupiga mdundo wa pumzi.

Jambo linalonistaajabisha ni kipimo chake. Anayepiga mbizi hubanwa kifua hasa kwa sababu ya kaboni dayoksaidi inayojaa katika damu, si kwa kuishiwa oksijeni. Ikizidi kidogo tu, shina huongeza kasi ya kupumua, uwe macho au umelala. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PHOX2B. Kwao kipimo hiki hakifanyi kazi vizuri. Mchana hupumua, lakini wakisinzia pumzi hufifia, hivyo hulala na mashine.

Juu ya shina kuna thalamasi, vinundu viwili vyenye umbo la yai, kila kimoja kama sentimita 3. Habari za macho, masikio na ngozi hupitia humo kabla ya kufika gamba la ubongo. Usingizi ukikolea, thalamasi hupunguza zinazopita, ndiyo maana mvua ya usiku husikii. Shina halipumziki.

Lakini kuna sumu lisiyoweza kuipima. Msimu wa baridi, Njombe au Limuru, watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Kaboni dayoksaidi mtu anaendelea kuitoa kama kawaida, kwa hiyo medula haioni kasoro. Kifua hakibani. Kichwa huuma, mwili hulegea, na aliyekwisha kulala huzidi kuzama usingizini bila kuhangaika hata kidogo.