Mwanao amepasuliwa tumbo? Acha kumwambia "vumilia"

Nafanya kazi wodi ya upasuaji mashariki mwa Uganda, upande wa kuelekea mpaka wa Busia. Wengi tunaowapokea ni vijana: utumbo uliotoboka kwa taifodi, vidonda vya tumbo, kidole tumbo kilichopasukia ndani, ajali za boda. Wanaowauguza ni mama na baba zao, wanaolala kwenye mkeka pembeni mwa kitanda. Haya ndiyo wanayoniuliza. Mengine huniuliza tukiwa tumeshachelewa.

Sista, upasuaji mkubwa ni upi?

Ni ule wa kufungua tumbo, kifua au mfupa mkubwa. Kutumbua jipu la kidole hakumo. Tuendelee.

Mwanangu ana miaka 26 na analia kama mtoto. Mwanaume si avumilie?

Hapana. Nasema tena: hapana.

Mtu aliyepasuliwa tumbo, kila pumzi inamvuta mshono. Akiachwa na maumivu, atapumua juu juu na atajizuia kukohoa. Makohozi yanatuama chini ya mapafu, na baada ya siku mbili tatu ana nimonia. Hatataka hata kugeuka, achilia mbali kushuka kitandani. Damu inalala miguuni na inaweza kuganda. Bonge hilo likichomoka likaingia kwenye mapafu, anaweza kufa mbele yako ndani ya dakika chache, na mshono wake ukiwa safi kabisa. Dawa ya maumivu si ya kumdekeza. Inampa nafasi ya kupumua, kukohoa na kutembea.

Mama mmoja alinifungulia pembe ya leso yake siku ya tatu. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya paracetamol tulivyompa amnyweshe kijana wake. Tulimpa 18, vilibaki 16. "Nilimwekea, musawo (mhudumu wa afya), maumivu yakizidi kabisa ndiyo nimpe." Kijana alikuwa amelala chali, jasho usoni, anapumua kwa haraka, mkono umeshika tumbo, hajashuka kitandani tangu atoke thieta, chumba cha upasuaji. Tayari kifua kilikuwa kinakoroma. Mama huyo hakuwa mbaya. Alikuwa anaweka akiba, kama anavyoweka akiba ya unga. Lakini dawa ya maumivu haiwekewi akiba.

Kwa hiyo nimpe wakati gani?

Kwa kufuata saa, kama ilivyoandikwa. Usingoje alie. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Weka kengele ya simu, na umpe nusu saa hivi kabla ya kumwinua atembee. Akikuambia "sijambo" huku amekunja uso, usimsadiki: vijana wetu wamefundishwa kuficha, na tuliowafundisha ni sisi.

Dawa nyingi si zinaua figo? Na asije akazizoea!

Paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Kama ana ugonjwa wa ini au amekonda sana, tuulize kwanza. Na jueni kwamba Panadol ni hiyo hiyo paracetamol. Kumpa zote mbili ni kumzidishia, na kinachoumia ni ini.

Za kuchunga upande wa figo na tumbo ni diklofenaki na ibuprofeni. Aliyepasuliwa kwa sababu ya kidonda cha tumbo kilichotoboka asinunuliwe hizo duka la dawa, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Halafu morfini, dawa kali ya maumivu. Uganda tuna morfini ya maji, ya kunywa, inayotengenezwa humu humu nchini na kutolewa bure. Wengi waliijua kupitia wagonjwa wa saratani, kwa kazi iliyoanzishwa mwaka 1993 na Hospice Africa Uganda, shirika linalouguza wagonjwa wasiopona. Ndiyo maana mzazi akiona ile chupa anashtuka, anadhani tumemkatia mwanawe tamaa. Hatujamkatia tamaa. Akipewa siku chache kwa kipimo cha daktari, kisha kikapunguzwa, si rahisi awe mtumwa wa dawa. Cha kuangalia ni usingizi: ukimwita na kumtikisa haamki vizuri, au anapumua polepole mno, kimbia uite muuguzi wakati huo huo. Asichanganye na pombe. Na tumbo litafunga choo, kwa hiyo aulizie dawa ya kulainisha mapema.

Akitembea, mshono si utafumuka?

Wazazi wengi huona kulala tuli ndiko kupona. Si kweli. Mara nyingi tunataka akae kitako na ashuke kitandani kesho yake, daktari akiruhusu. Mwambie ageuke ubavu, ateremshe miguu, ajisukume kwa kiwiko. Asiinuke moja kwa moja kutoka chali. Siku ya kwanza hatua kumi hadi dirishani zinatosha. Akitaka kukohoa, akunje leso au mto mdogo, aukandamize juu ya mshono, kisha akohoe kwelikweli. Na kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kumi. Hiyo kazi ya kuhesabu ni yako, mzazi.

Ni mtu mzima na anakataa nimwogeshe. Nifanyeje?

Mwite kaka yake au rafiki yake. Kama hakuna, mpe beseni na kitambaa, vuta pazia, geuka. Ulimwogesha akiwa na miaka mitatu, sasa ana ndevu. Aibu nayo inauma.

Na jambo jingine: daktari akimuuliza "unaumwa kiasi gani?", usijibu wewe. Kila siku nasikia "anaendelea vizuri, dokta, tunashukuru Mungu" huku mgonjwa mwenyewe anang'ata shuka. Shukuru Mungu, lakini muache aseme. Akilia, kaa karibu yake. Si lazima useme kitu.

Jirani ameleta majani ya ssere ya kuweka kwenye kidonda.

Mshukuru, uyaweke kando. Majani hapana, majivu hapana, chumvi hapana, dawa ya meno hapana, unga wa kapsuli uliofunguliwa hapana. Osha mikono kwa sabuni, acha bandeji kavu kama tulivyoifunga, mlete siku tuliyokuandikia. Nyuzi nyingi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14. Msizitoe nyumbani kwa wembe.

Maumivu gani ni ya kurudi hospitali?

Ya mshono hupungua siku hadi siku. Yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu, kuna kitu. Mrudishe akiwa na homa, au kidonda kinatoa usaha, kinanuka, kimekuwa chekundu na cha moto, au kimeachia. Vivyo hivyo tumbo likivimba huku anatapika na hatoi hata upepo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, msiukande, msiupake mafuta, mleteni. Akikosa pumzi au kifua kikichoma ghafla, usitafute hata viatu.

Utumbo ukijitokeza kwenye kidonda, usiurudishe ndani. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, mlaze, asile wala asinywe, itafutwe gari.

Na narudia, kwa sababu hapa ndipo tunazika vijana: usimwambie avumilie hadi asubuhi. Usingoje baba arudi kutoka mnadani, usingoje Jumatatu. Kituo cha afya kilicho karibu kitakupa rufaa hata usiku. Homa iliyokaa siku tano nyumbani huja kwetu na tumbo lililojaa usaha, na kijana yule yule anarudi thieta.

Ale nini?

Tukishamruhusu kula, aanze na uji, kidogo kidogo. Baadaye maharage, mayai, mukene (dagaa), karanga. Kila wiki kuna anayeniambia maharage yanaleta usaha. Hayaleti. Usimlazimishe kumaliza sahani ya matoke ili ufurahi wewe.

Lini atabeba jerikeni? Na boda yake?

Jerikeni la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 hivi. Baada ya kupasuliwa tumbo, kwa kawaida tunasema asibebe mzigo mzito hadi wiki 6 zipite, na boda asiendeshe hadi daktari amwone. Najua mkopo wa pikipiki haungoji. Zungumzeni na mwenye pikipiki sasa hivi, kijana akiwa bado kitandani, kabla hajaanza kutoroka alfajiri na bandeji tumboni.