Mfuko wa gololi na uzito wa neno "nina hakika"

Mtu akiniambia kwamba ana hakika ya asilimia 90 kuwa mvua za vuli zitachelewa mwaka huu, humwuliza kama yuko tayari kuweka dau la shilingi 9,000, apate 1,000 zikichelewa na azipoteze zote zisipochelewa. Mara nyingi hunyamaza, kisha asilimia 90 hushuka hadi 70, ingawa hajapata habari yoyote mpya. Tena huanza kuniuliza maswali ambayo sisi watu wa takwimu huyafurahia: kuchelewa ni kupita tarehe ipi, kwa vipimo vya kituo gani, na baada ya milimita ngapi tutakubaliana kwamba mvua imeanza?

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1781 kwamba dau ndilo kipimo cha kawaida cha imani, kwa kuwa anayesema kwa kujiamini huenda akathubutu kuweka dukati moja, yaani sarafu ya dhahabu ya zamani, lakini akasita akitakiwa kuweka kumi. Mwanafalsafa na mwanahisabati Mwingereza Frank Ramsey, katika insha yake ya mwaka 1926, alieleza kwamba imani hupimwa kwa uwiano wa chini kabisa wa dau ambao mtu ataukubali. Hata hivyo, alikiri kasoro zake: shilingi 9,000 hazina uzito uleule kwa tajiri na kwa maskini, na wapo wanaopenda kamari kama walivyo wanaoichukia.

Kwa hiyo mimi hutumia mfuko wa kufikirika wenye gololi 100, nyekundu 90. Zawadi ni ileile: je, ungependa kuipata mvua zikichelewa, au ukichomoa gololi nyekundu bila kuangalia? Ukichagua mfuko, hakika yako haifiki 90. Nitapunguza nyekundu hadi 80, hadi 70, mpaka usione tofauti kati ya chaguo hizo mbili. Hakuna anayetoa senti, na wanafunzi wangu ambao kamari kwao ni haramu hushiriki bila kikwazo.

Tokeo moja halitoshi kuonyesha kama kadirio lilikuwa sahihi, kwani hata jambo la asilimia 90 hushindikana mara moja kati ya kumi. Ndiyo maana huandika makadirio yangu daftarini pamoja na matokeo. Ya hali ya hewa hutimia kwa asilimia inayokaribia niliyoandika. Ya muda wa kumaliza kazi zangu mwenyewe yameshindikana mara nyingi mno, na siku hizi kwa hayo huanza na mfuko wenye gololi nyekundu 60.