Mkaa usiotoa moshi bado una sumu

Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na moshi kukata, jiko laweza kuingizwa chumbani. Si kweli, na imani hii huua watu usingizini. Moshi hutoka zaidi mkaa unapowashwa; kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, huendelea kutoka hadi kaa la mwisho lizimike. Vile vindimi vya buluu juu ya makaa mekundu ndiyo gesi hiyo ikiungua. Majivu yakifunika makaa, vindimi hufa lakini gesi huzidi kutoka. Bakuli la maji kando ya jiko halisaidii kitu, kwani gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Pikia nje, na jiko lilale huko huko. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikianza, toka kwanza, maswali baadaye.