Bitireti: kinachoamua bei ya kutuma video mbali

Bitireti ni idadi ya biti zinazotumika kuhifadhi kila sekunde moja ya video. Ikiandikwa 8 Mbps, kila sekunde imebeba megabiti nane. Ikiandikwa 50 Mbps, imebeba hamsini. Kwa anayerekodi harusi Langoni au Mkomani, mitaa ya Lamu, kisha jamaa walioko Nairobi, Muscat au London wakaanza kuuliza "video iko wapi?", hiyo ndiyo namba ya kuijua mapema, kabla hata ya kufikiria itumwe kwa njia gani.

Wengi huangalia ukubwa wa picha: hii HD, ile 4K, basi ile 4K ndiyo nzito. Si uongo, ila si kamili. Uzito wa faili ni bitireti mara muda. Chukua megabiti za sekunde moja, zidisha kwa sekunde zote za video, gawanya kwa nane, umepata megabaiti. Kugawanya kwa nane ni kwa sababu baiti moja ina biti nane, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa: kasi ya mtandao hutangazwa kwa megabiti, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti. Kwa kifupisho, tofauti yake ni b ndogo na B kubwa tu.

Tuseme kamera yako inarekodi kwa 50 Mbps, na umerekodi saa tatu. Hizo ni sekunde 10,800. Piga hesabu: megabaiti 67,500, yaani gigabaiti zaidi ya 67. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipandisha mtandaoni kwa bando la simu. Sasa ihariri ibaki saa mbili, uitoe kwa 4 Mbps: gigabaiti 3.6. Uitoe kwa 2 Mbps: gigabaiti 1.8. Harusi ni ile ile na wageni ni wale wale.

Simu nazo hutofautiana kwa jinsi zilivyowekwa. Kwenye iPhone, ukiingia mipangilio ya kamera, yenyewe inakuambia: dakika moja ya 1080p (HD kamili) kwa fremu 30, yaani picha 30 kila sekunde, ni kama megabaiti 60, na dakika moja ya 4K kwa fremu 60 ni kama megabaiti 400. Ya kwanza ni sawa na 8 Mbps, ya pili inapita 50. Kama unajua video itaangaliwa kwenye simu ya shangazi, hiyo 4K ya fremu 60 unajibebesha mzigo bure.

Kupunguza bitireti kunawezekanaje bila picha kuharibika? Kazi hiyo hufanywa na kodeki, yaani kanuni ya kubana na kufungua video. Haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, kisha katika zinazofuata inaandika tu kilichobadilika au kilichosogea, mpaka baada ya muda mfupi iweke tena fremu kamili. Bi harusi amekaa, nyuma yake ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya ukutani: ukuta hausogei, zidaka hazisogei, kinachobadilika ni macho, mikono na mtandio kidogo. Kodeki inastarehe hapo, na 2 Mbps inatosha vizuri. Lakini geuza kamera kwenye kirumbizi, ngoma ya fimbo: fimbo zinapigana na watu wamezunguka wote wanacheza, au mashindano ya majahazi yenye mawimbi yanayometameta juani. Karibu kila nukta ya picha inabadilika kila fremu. Kwa 2 Mbps ile ile utaona vijisanduku vimetapakaa baharini. Ndiyo maana sipendi kuweka bitireti moja kwa video nzima. Programu ya bure ya HandBrake inakuruhusu kuchagua kiwango cha ubora, nayo igawe biti yenyewe: nyingi kwenye mawimbi, chache kwenye ukuta. Kipimo chake huitwa RF, na kadiri namba inavyopanda ndivyo ubora unavyoshuka na faili inavyopungua. Kwa 1080p, kati ya 20 na 24 ni pazuri pa kuanzia. Hasara yake ni kwamba hujui uzito wa mwisho mpaka imalize, kwa hiyo jaribu kwanza kwa dakika moja ya sehemu yenye vurugu kubwa.

Kodeki zenyewe ni za vizazi. H.264 ya mwaka 2003 inafunguka karibu kila mahali. H.265 ya mwaka 2013 ilibuniwa kufikia ubora ule ule kwa takriban nusu ya bitireti. Kwa hiyo ile gigabaiti 3.6 inaweza kushuka hadi karibu 1.8 bila jicho la kawaida kugundua. Malipo yake ni muda: laptopu ya zamani itahema usiku kucha.

Na wale wanaozifunga video kwa zipu, ile njia ya kubana faili za kila aina, wakitumaini zitapungua, wanajichosha. Zipu hutafuta marudio ndani ya faili, na kodeki ilishayaondoa marudio hayo. Faida ya zipu hapa ni nyingine: programu kama 7-Zip inaweza kuikata faili kubwa vipande vya, tuseme, megabaiti 500. Mtandao ukikatika katikati ya kipande cha tatu, unarudia hicho tu.

Sasa kutuma. Mtandaoni umbali haugharimu kitu. Kutuma gigabaiti moja kutoka Lamu hadi Mpeketoni kunakula bando sawasawa na kuituma Muscat. Unacholipia ni data inayotoka kwenye simu yako. Huko mbele inaingia kwenye nyaya kubwa, kama ile ya TEAMS iliyolazwa chini ya bahari kutoka Mombasa hadi Fujairah mwaka 2009, na safari hiyo huioni kwenye bili yako. Kumbuka pia kwamba mpokeaji atatumia bando lake kuipakua. Ukibana vizuri, umeokoa pesa mara mbili.

Kasi ya kupandisha huwa ndogo kuliko ya kushusha, na mtandao wa nyumbani huuzwa kwa sifa ya kushusha. Usidanganywe na video zinazofunguka haraka kwako. Pima kasi ya kupandisha. Ikiwa ni 2 Mbps, ile faili ya gigabaiti 3.6 itachukua saa nne kamili mambo yakienda sawa, na ile ya 1.8 saa mbili. Kama kuna waifai ya malipo ya mwezi kwa ndugu au jirani, omba ruhusa ya kuiacha usiku.

WhatsApp ukiituma kama video ya kawaida, inaibana upya yenyewe bila kukuuliza sana. Ndipo unapopigiwa simu kutoka Muscat: "Mwanangu, mbona nyuso zimekuwa ukungu?" Itume kama dokumenti, haitaguswa, mradi isizidi gigabaiti 2. Telegram nayo inapokea faili za mpaka gigabaiti 2 kwa akaunti ya bure. Google Drive inatoa gigabaiti 15 bure, ila nafasi hiyo ni pamoja na barua pepe na picha zako, na pengine imeshajaa. Barua pepe yenyewe isahau; Gmail inakomea kiambatisho cha megabaiti 25.

Lakini harusi zetu zina jambo ambalo maelezo mengi ya kutuma video hayaligusi. Sehemu kubwa ya video ni ya shughuli za wanawake: vugo, kupamba, watu wako bila buibui kwa sababu mle ndani hamna mwanamume wa kando. Faili hiyo kuiweka YouTube "isiyoorodheshwa" au kwenye Drive kwa "yeyote mwenye kiungo" ni kuiacha mlango wazi. Kiungo husambazwa kwenye kundi moja, kikahamia la pili, na jioni kinazunguka Mombasa. Ikiwa ni Drive, weka anwani ya mtu mmoja mmoja anayeruhusiwa. La bora zaidi, ifunge kwa 7-Zip yenye nywila na umpigie mpokeaji simu kumtajia. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa usimbaji kutoka mwisho hadi mwisho, yaani anayetuma na anayepokea tu ndio wanaoweza kuyafungua. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hayako hivyo. Mimi kwa video za wanawake nachagua nywila, hata kama ni usumbufu.

Tena ipo njia ambayo haigusi mtandao kabisa: flashi mfukoni mwa msafiri. Flashi ya gigabaiti 64 iliyojaa ikitoka Mokowe, ng'ambo ya Lamu, kwa basi, ikafika mkononi mwa mtu Mombasa baada ya saa nane, imesafirisha data kwa wastani wa karibu megabiti 18 kwa sekunde. Ni mara tisa ya ile laini ya 2 Mbps. Afrika Kusini walilionyesha hili Septemba 2009: njiwa aitwaye Winston alibeba kadi ya gigabaiti 4 kutoka Howick hadi Durban, kilomita 80 hivi. Ukihesabu na muda wa kunakili, kazi ilikwisha kwa saa mbili na dakika chache. Laini ya intaneti iliyoshindana naye ilikuwa imepeleka asilimia 4 tu.

Kwa video ghafi kama ile ya gigabaiti 67, au kazi nzima anayotaka mhariri wa Mombasa, flashi haina mpinzani. Flashi nyingi huja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Utaona nafasi tele, na bado inakukatalia. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kunakili, kwani kupanga upya kunafuta kila kitu. Usifute nakala yako mpaka mpokeaji aifungue na aseme ameiona mpaka mwisho.

Kabla ya yote hayo, muulize mpokeaji ataangalia kwa kifaa gani. Simu ya miaka ya karibuni au kompyuta yenye programu ya VLC itafungua H.265 bila neno. Kama bibi anataka kuchomeka flashi kwenye televisheni ya zamani sebuleni, toa kwa H.264, kubali faili iwe nzito, na mpelekee kwa mkono wa msafiri.