Rejea ya faili la nje kwenye kanzidata ni nini?

Chama cha msingi kimoja huku Mtwara kilinipa kazi ya kutunza stakabadhi zake za korosho. Mkulima akishapima magunia ghalani, karatasi yake inapigwa picha. Picha inakaa kwenye folda ya seva; kwenye jedwali la kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ya kompyuta, yanaandikwa jina, kilo, na njia ya kuifikia ile picha: stakabadhi/2023/0417.jpg. Njia hiyo ndiyo rejea ya faili la nje.

Msimu ulipoisha, kijana wa ofisini aliona folda imefurika, akaipanga upya kwa majina ya vijiji. Nia njema kabisa. Siku mzee mmoja alipokuja kuulizia kilo zake, nikafungua mstari wake: kisanduku kitupu. Kanzidata haikuwa imelalamika hata kidogo, kwa sababu kwake njia ile ni maandishi tu, kama jina la mtu. SQL, lugha ya kuziendesha kanzidata, hulinda uhusiano wa jedwali na jedwali kwa ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine. Ya kwenye folda hayaihusu.

Waliotunga kiwango cha SQL waliliona hilo. Sehemu yake ya 9, SQL/MED, ina aina ya data iitwayo DATALINK: faili likiunganishwa kwa udhibiti kamili, halifutiki wala halibadilishwi jina mpaka rejea iondolewe. DB2, kanzidata ya IBM, iliwahi kuwa nayo. BFILE, aina ya rejea ya faili la nje kwenye kanzidata ya Oracle, inasoma tu. Faili likihamishwa, shauri yako.

Kwa nini picha zisiwekwe ndani ya jedwali lenyewe? Inawezekana. Watafiti wa Microsoft walipima mwaka 2006 wakakuta vitu vya chini ya KB 256 vinafaa zaidi ndani ya kanzidata, na vya kuzidi MB 1 nje. Picha zetu za simu zinapita MB 2, basi zikabaki nje.

Kinachotusaidia ni mpangilio. Tunahifadhi faili kwanza, ndipo tunaandika mstari. Kwenye kufuta, mstari unatangulia. Umeme ukikatika katikati, linabaki faili yatima linalokula nafasi tu, wala si rejea inayoelekeza pasipo na kitu. Nakala rudufu nazo, folda na kanzidata huchukuliwa usiku mmoja.

Picha ya mzee tuliipata kesho yake, kwenye folda ya kijiji cha jirani.