Mgonjwa wa kansa ale nini? Maswali ya wanaouguza hapa Moshi

Kliniki yetu, kabla ya dripu yoyote ya dawa za kansa, mgonjwa hupanda mizani. Juzi mama mmoja alikutwa na kilo 47. Kliniki iliyopita, wiki tatu nyuma, alikuwa na 53. Binti yake akasema, tena kwa kujivunia kidogo: "Tumemwachisha nyama, mayai, maziwa na sukari, nesi. Anakunywa juisi ya majani." Vipimo vikaonyesha damu imeshuka. Dripu ikaahirishwa.

Kwani nyama na sukari si ndivyo vinavyoilisha kansa?
Hapana. Kila seli ya mwili hutumia sukari, iwe nzima au ya kansa. Mgonjwa asipokula, mwili hutengeneza sukari kwa kuvunja misuli yake wenyewe. Kansa inapata chake. Yanayoisha ni mapaja ya mama yako. Sisemi ashinde na soda na biskuti. Ila kijiko cha sukari kwenye uji wa mtu anayekonda hakina ubaya, labda kama ana kisukari, hapo tuulize kwanza.

Jirani yetu anasema tukimnyima chakula uvimbe utasinyaa.
Hausinyai. Nimeshalijibu hili mpaka sauti imekauka: hausinyai. Dozi za dawa nyingi za kansa hupigiwa hesabu kwa uzito na urefu. Akikonda, dozi hupunguzwa au husogezwa mbele, na wiki hizo kansa haiko likizo. Huyo jirani siku ya dripu huwa hayupo.

Basi tumpikie nini?
Mtori, lakini mtori wa kweli, si maji ya ndizi. Chemsha ndizi mshare na nyama mpaka nyama ichambuke, ponda vyote pamoja kwa mwiko, kisha tia parachichi au siagi. Uji wa ulezi upikwe kwa maziwa na karanga zilizosagwa. Mayai yaliyoiva, dagaa, maharage, kuku: vyote ruksa. Usimjazie sahani halafu ukamsimamia kama askari. Mpe bakuli dogo kila baada ya saa mbili, hata kama ni vijiko vitano.

Mwenye kansa ya umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni), ambayo huku kwetu tunaiona sana, apewe vilivyosagwa laini, vuguvugu, si vya moto. Uji ukianza kukwama, msisubiri tarehe ya kliniki. Kuna namna ya kuipanua njia au kumwekea mrija wa kulishia.

Mdomo una vidonda na kila kitu kinamnukia vibaya.
Asukutue mara kadhaa kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Pilipili, ndimu na vya moto viache kwanza. Chakula kilichopoa hakinuki sana. Akilalamika ladha ya chuma, mpe kijiko cha plastiki. Kichefuchefu kina dawa, aombe. Wazee wetu hasa hukaa kimya wakidhani kutapika ndiyo matibabu yenyewe.

Damu imepungua. Tumpe kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi?
Kisusio chenye damu isiyoiva, hapana. Maziwa mabichi, hapana. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na mdudu mdogo tu anatosha kumwangusha. Chemsha, ivisha, nawa mikono. Joto likifika 38, msimpe panadol mkasubiri asubuhi. Hospitali, usiku huohuo.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo ya kumpa hamu?
Wakati wa matibabu, aiache.

Hiyo juisi ya majani je?
Leteni chupa tuione. Majani mengine huchosha ini, mengine huvuruga dawa. Na tumbo likishajaa juisi, mtori unaingia wapi?

Matibabu yakiisha?
Arudi kwenye chakula cha nyumbani, mboga na matunda viongezeke, atembee kila siku misuli irudi. Aliyechomwa mionzi ya kifua au shingo anaweza kuanza kukwama chakula hata baada ya miezi, atuambie mapema. Na uzito upimwe kila wiki, hata mizani ya duka la dawa inatosha, uandikwe kwenye daftari lake la kliniki. Zikipungua kilo mbili ndani ya wiki moja, mleteni wiki hiyohiyo.