Hamisha diski za harusi kabla hazijagoma

Diski ya filamu uliyonunua dukani na ile ya harusi uliyokabidhiwa na mpiga video zinafanana kwa macho tu. Ya dukani ilipigwa chapa kiwandani, vishimo vyake vimebonyezwa kwenye plastiki yenyewe. Ya harusi, yaani DVD-R, ina utando mwembamba wa rangi, na leza iliunguza alama kwenye rangi hiyo. Rangi hupauka. Jua, joto na unyevu huiharakisha, na sisi wa pwani tunavyo vyote vitatu.

Kazi yangu ni kuhamisha video za familia kutoka mikanda na diski. Kinachoniuma ni kuona mikanda ya VHS ya miaka ya 1990 bado inacheza, ilhali diski ambazo watu walihamishia mikanda yao, kisha wakaitupa, zimegoma. Mara nyingi uharibifu huanzia pembeni, na DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje. Basi akdi unaiona vizuri, bibi harusi anaingia ukumbini, halafu wakati wa kulishana keki picha inavunjika vipande vipande na deki inakwama.

Iinue diski dhidi ya mwanga wa dirisha. Ukiona doa linatambaa kutoka ukingoni, usiichezeshe tena kwenye deki, itie kwenye kompyuta. Nakili kama ilivyo folda nzima ya VIDEO_TS, ndiyo inayobeba video ya diski. Usikimbilie kuigeuza MP4, maana kila unapoibana video upya ili faili liwe dogo unapunguza ubora. Ya kutuma WhatsApp utaitengeneza baadaye kutoka kwenye nakala hiyo. Ikigoma kusoma, jaribu kisomaji kingine, kwani havilingani uwezo. Kwa diski mbovu zaidi natumia programu ya ddrescue: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, kisha hurudia zile ngumu.

CD nazo zina udhaifu wake. Tabaka linaloakisi leza liko juu, chini ya vanishi tu, kwa hiyo mkwaruzo upande wa maandishi ni hatari kuliko ule wa chini. Kwenye DVD tabaka hilo limebanwa kati ya vipande viwili vya plastiki. Hata hivyo, lebo za kubandika sizitaki kwenye diski yoyote. Andika kwa maka peni ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati.

Je, kuchoma diski mpya bado kuna maana? Kwangu ndiyo. DVD-R iliyokwisha kufungwa, yaani kichomaji kimeikamilisha isiandikwe tena, haifutiki kwa bahati mbaya wala virusi haviwezi kuingia ndani yake, tofauti na flashi. Kama una kichomaji kinachoikubali, tumia M-DISC, aina ya diski ya kuchoma ambayo haitegemei rangi inayopauka. Choma taratibu, na programu ikikuuliza kama ihakiki ilichoandika, kubali. Hapo ndipo diski mbovu hujulikana ukiwa bado una chanzo mkononi.

Angalia pia ukubwa. DVD ya kawaida ni GB 4.7, inayotosha saa mbili hivi za picha nzuri. Wapiga video waliojaza saa nne walilipia kwa picha yenye ukungu. Saa moja ya mkanda wa MiniDV, ule mdogo wa kamera za video za dijitali, ni takriban GB 13, kwa hiyo ukitaka kuihifadhi bila kuibana, chukua diski ya Blu-ray ya GB 25.

Diski peke yake haitoshi. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni ninayoifuata: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Moja iwe diski, nyingine diski ngumu ya nje, ya tatu mpe ndugu aliye mkoa mwingine.

Vifaa navyo vinaadimika. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Sony ilisitisha kutengeneza Blu-ray za kuchoma Februari 2025, na kompyuta mpakato nyingi mpya hazina kisomaji. Nunua cha USB ukitunze.

Anza na DVD-R za bei poa zilizokaa miaka juu ya televisheni. Mikanda inaweza kusubiri kidogo, ila uikague kwanza: wenye ukungu mweupe usiutie kwenye deki mpaka fundi ausafishe, kwani ukungu utahamia kwenye vichwa vya deki, na kutoka hapo kwenye kila mkanda utakaofuata.